Kwa Nini Walinzi wa Sato Hujikunja Wenyewe

Ziwa lilipokuwa bado jipya, na maji yake hayajazoea kukaa mahali pamoja, samaki hakuwa na mlinzi hata mmoja mwilini mwake. Habari hizi ni za sato wa kwanza, mama wa sato wote mnaowapaa hapa na kuwatia ndimu. Mwili wake ulikuwa mji kamili. Waliishi humo watu wadogo mno, wenye nyumba zao, kazi zao na maneno yao mengi.

Katikati alikaa Mtemi Moyo, aliyepiga ngoma ile ile moja bila kuchoka ili kila mtu ajue kwamba mambo bado yanakwenda. Jirani yake alikuwa Ini, mama mnene mwenye jiko kubwa, mchapakazi, lakini ukimchokoza hujui utalala wapi. Karibu na mgongo alikuwa Figo, mzazi wa watoto wengi kiasi kwamba akiwaita kula hujitokeza na wa jirani. Na kule mbele kabisa, katika nyumba ya maji maangavu yenye vyumba viwili, kushoto na kulia, aliishi Jicho, peke yake, asiyependa wageni. Watu walisema ana maringo. Ukweli ni kwamba kazi yake ilitaka utulivu, na vurugu kidogo tu nyumbani kwake ilitosha kuufanya mji mzima usione unakokwenda.

Mlangoni, penye matamvua, aliishi mwanamke mmoja jina lake Nyanzobe. Kazi yake ilikuwa kufuta matope yaliyoletwa na maji. Kwa kuwa kila mtu wa mji ule alilazimika kufika pale kuchukua pumzi, Nyanzobe alimjua kila mtu kwa sura, na alijua nani ameoa kwa nani, nani ana kikohozi na nani anajifanya tu. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na macho makali na mikono isiyotulia, na watu walimheshimu kwa vyote viwili.

Mlango ule haukufungwa hata mara moja. Samaki akifunga matamvua yake pumzi inakatika, na ngoma ya Mtemi inanyamaza. Basi uliachwa wazi siku zote, na kwa muda mrefu halikuingia baya lolote, kwa sababu ziwa lilikuwa jipya na wabaya walikuwa bado hawajapata habari zake.

Ukaja mwaka wa joto. Maji yalipungua, yakawa mazito na ya kijani, na ndani yake wakazaliwa watu wasiojulikana. Alikuja Kuvu, mwenye nywele nyeupe kama pamba, na nyuma yake wakaja minyoo wa kila namna. Hawakupiga hodi. Nyanzobe aliwaona wakipita, akapaza sauti, lakini mikono ya kufuta matope haikuweza kuwazuia. Walikula nusu ya pezi la mkia, wakaanza kupanda kuelekea mgongoni. Sato alikuwa akiogelea upande upande kama mlevi.

Mtemi aliita baraza. Kila mtu alilalamika kwa zamu yake, na walipomaliza wakaanza tena, mpaka Figo aliposimama. "Mimi naweza kuzaa," alisema. "Nipeni chakula cha kutosha nami nitawapa watoto wenye meno. Wakae kila mtaa, wamle kila mgeni." Baraza lote likashangilia, kwa maana hapakuwa na mwingine mwenye wazo.

Figo alizaa kama alivyoahidi. Watoto wale walitoka na meno yao mapya, wakamvamia Kuvu, wakamla pamoja na nywele zake. Mji ulisherehekea siku mbili. Siku ya tatu Ini alikuja barazani amejifunga kitambaa ubavuni, na sauti yake ilifika kabla yake.

"Mtemi," alisema, "kwa Kuvu nilikuwa naumwa upande mmoja. Kwa walinzi wenu hawa naumwa pande zote. Naomba mnirudishie Kuvu wangu."

Maana walinzi wale hawakumjua mtu. Walikuwa na meno na ari, lakini mgeni kwao alikuwa kila waliyekutana naye. Walimng'ata Ini, wakamng'ata Bandama, wakamng'ata hata Figo aliyewazaa. Walipofukuzwa walipasuka kwa hasira, na sumu waliyokuwa nayo tumboni, ile ya kuwaulia wageni, ikamwagika mitaani ikaunguza majirani. Aliyesafisha alikuwa mzee Kadashi, mfagiaji wa mji, mtu mwenye tumbo kubwa na maneno machache, ambaye kazi yake ilikuwa kumeza kila kilichochakaa na kukipeleka jikoni kwa Ini kitumike tena. Kadashi alifagia wiki nzima. Alipomaliza alisema jambo moja tu, kwamba afadhali mtu afe akiwa mzima kuliko afe akiwa vipande vipande, kwa sababu kipande kimoja kinaweza kumfuata jirani mpaka chumbani.

Hapo ndipo watu walipomkumbuka Nyanzobe. Kama yuko mtu awezaye kuwafundisha watoto wa Figo nani ni wa nyumbani, basi ni yeye amjuaye kila mtu. Alikubali, lakini kwa masharti. Alitaka apewe chumba chini ya kifuniko cha shavu, karibu na mlango, mahali pasipopita watu ovyo. Akataka pia kila nyumba imletee kipande cha nguo yake, iliyovaliwa na isiyofuliwa. Ini alileta, Figo akaleta, Bandama, Ngozi, Mifupa, wote walileta. Hata Jicho alituma chake, kidogo kama ukucha, kinachong'aa. Nyanzobe akavishona vyote pamoja, akapata shuka kubwa la viraka, akalitundika ukutani. Mtu akisimama mbele ya shuka lile alikuwa amesimama mbele ya mji wote.

Watoto wa Figo walianza kuja, mamia kwa mamia, wakali, wenye kelele. Nyanzobe aliwapanga. Kwanza kila mmoja aliweka kiganja chake juu ya shuka. Wako ambao hawakuhisi kitu kabisa, wakashangaa kama wameshika ukuta. Hao hawangemtambua mtu yeyote maishani, rafiki wala adui, na mlinzi wa namna hiyo ni mzigo. Waliohisi walipitishwa mbele ya viraka, kimoja kimoja. Aliyetazama akatulia, akapita. Aliyetoa meno mbele ya kiraka chochote, hata kimoja, alikuwa amekwisha kujihukumu.

Kwa hao wote Nyanzobe alikuwa na neno moja. Aliwagusa begani akawaambia taratibu, "Kunja." Nao walikunja. Aliwafundisha hivyo tangu siku ya kwanza, kabla ya kitu kingine chochote: kuingiza mikono, kuingiza miguu, kuifunga sumu ndani isitoke hata tone, na kujikunja mara nyingi mpaka mtu anakuwa mdogo kama mbegu ya ulezi. Kadashi alikaa mlangoni. Alimwokota kila aliyejikunja, akammeza bila kelele, na kilichokuwa ndani yake kikarudi jikoni kwenda kuwa kitu kingine. Hapakuwa na kilio wala kuungua. Kati ya mia walioingia walitoka wawili, au watatu ikiwa siku njema. Nyanzobe alilia mwaka ule wa kwanza. Mwaka wa pili alizoea, au alidhani amezoea.

Sasa, yuko mmoja ambaye hakuja pamoja na wenzake. Kabla ya chumba kufunguliwa, kabla hata shuka halijashonwa, mtoto mmoja wa kike alitoka kwa Figo akiwa hajakomaa, meno bado, macho bado, akasukumwa na damu mpaka mlangoni. Nyanzobe alimkuta kwenye matope aliyokuwa akiyafuta. Angeweza kumpeleka kwa Kadashi na hakuna ambaye angemlaumu. Alimfuta, akamfunga mgongoni, akaendelea na kazi. Alimwita Holo.

Holo alikulia pale. Alijifunza kusema kwa kusikiliza salamu za wapita njia, na aliweza kumwigiza Ini mpaka Mtemi mwenyewe akacheka na kukosea mdundo. Shuka liliposhonwa, yeye ndiye aliyeshika uzi. Alimwita Nyanzobe mama, na Nyanzobe aliitika kila mara kama mtu anayeogopa kwamba akichelewa hataitwa tena. Watoto wengine walipojikunja, Holo alikuwa bado mdogo, akitazama. Aliuliza mara moja wanakwenda wapi. Nyanzobe alimwambia wanarudi jikoni. Holo aliridhika.

Zamu yake ikafika. Meno yake yalikuwa yamekomaa, na kwa wepesi hapakuwa na wa kumfananisha naye. Siku ile Kadashi alikuwa bado hajafika. Holo aliweka kiganja juu ya shuka, akahisi mara moja. Nyanzobe akampitisha kwenye viraka. Alimtazama Ini, akatabasamu. Akamtazama Figo, Bandama, Ngozi, akatulia. Alipofika kwenye kile kiraka kidogo kinachong'aa, midomo yake ilivutika nyuma na meno yote yakatoka.

Nyanzobe alijiambia mtoto amepigwa na mwanga. Akageuza shuka, akamrudisha nyuma, akamleta tena taratibu. Meno yakatoka. Akampa maji, wakazungumza habari nyingine, akampitisha mara ya tatu, na mara hii Holo alinguruma.

"Mama, hicho ni nini?" aliuliza. "Kinaniudhi tangu siku tulipokishona."

Nyanzobe alifungua mdomo aseme lile neno. Alikuwa amelisema mara nyingi kuliko nywele za kichwa chake, kwa watoto wazuri, kwa watoto waliomtazama kwa imani ile ile. Halikutoka. Badala yake alisema, "Si kitu. Ni kiraka kibovu. Kaa hapo." Akachukua sindano, akakifumua kile kiraka cha Jicho, uzi mmoja mmoja, akakitia kifuani. Halafu akaivuta nguo ya Ngozi ikafunika tundu.

Kadashi alipofika, Holo alipitishwa tena mbele ya shuka zima, na alitulia kwenye kila kiraka kilichobaki. Alipasi. Kadashi alilitazama shuka kwa muda, akapikicha jicho.

"Mwalimu," alisema, "shuka lako leo kama limejikunyata."

"Nimelifua," Nyanzobe alijibu. Kadashi hakuuliza zaidi. Alikuwa mtu wa kusafisha yaliyokwisha kutendeka, na hakuwa na desturi ya kuyachunguza kabla.

Nia ya Nyanzobe ilikuwa kukirudisha kiraka jioni ile ile. Lakini nyuzi mpya zingeonekana, na Kadashi angeuliza imekuwaje shuka lililofuliwa jana likashonwa leo. Akasema atashona kesho. Kesho walikuja watoto mia nne, mikono yake ikawa na kazi. Keshokutwa vivyo hivyo. Kiraka kilikaa kifuani siku kumi na mbili, na kila siku ilivyopita ilikuwa vigumu zaidi kukitoa. Siku zote hizo watoto walipimwa kwa shuka lenye tundu, na walinzi kadhaa walitoka mlangoni bila kuonyeshwa Jicho hata mara moja. Kosa alilolifanya kwa ajili ya mmoja lilikuwa limekwisha kutoka kwenda mitaani na miguu mingi.

Holo alitamba. Mnyoo mkubwa alipoingia kupitia kidonda cha pezi, yeye ndiye aliyemwona kwanza, akapiga mbinja, wenzake wakamfuata wakammaliza kabla hajafika mgongoni. Jina lake lilitajwa barazani. Ini mwenyewe, ambaye hakuwa mwepesi wa sifa, alimpelekea chakula. Nyanzobe alisikia habari hizo akiwa anafuta matope, na alifurahi mpaka akaona haya. Alijiambia kwamba angemkunja mtoto yule, mji ungekuwa umekosa mlinzi wake bora. Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomlaza usingizi.

Kisha asubuhi moja Sato aligonga jiwe. Mji wote ulitikisika, watu wakaulizana, Mtemi akasema ni ajali. Mchana aligonga tena, upande ule ule wa kushoto. Siku ya pili alikosa chakula kilichokuwa mbele yake, na Ini akapiga kelele kwamba jiko limepoa. Siku ya tatu mnandi alipiga mbizi kutoka kushoto, na Sato hakumwona kabisa. Mdomo wa ndege ulikwaruza magamba matano. Ingekuwa upana wa kidole kimoja zaidi, habari hii isingekuwa na wa kuihadithia wala wa kuisikiliza.

Wakatumwa watu kwenda kwa Jicho upande wa kushoto. Walirudi na nyuso zimewashuka. Walisema nyumba ya maji maangavu imekuwa nyeupe kama uji, na ndani yake kuna walinzi wetu wenyewe, wanang'ata.

Kadashi hakusubiri aitwe. Alikwenda moja kwa moja mpaka chumbani, akalivuta shuka, akanyanyua nguo ya Ngozi, akaliona tundu.

"Ulikitoa lini?" aliuliza.

"Siku uliyosema limejikunyata."

"Kwa ajili ya yule?"

"Kwa ajili ya yule."

Kadashi alikaa chini. Alikuwa mzito, na kukaa kulimchukua muda. "Nimewameza wangapi tangu tuanze, Mwalimu? Sikumbuki. Wote uliwakunja. Mimi nilidhani wewe una moyo wa jiwe, nikawa nakuonea huruma. Kumbe unao wa nyama, nao umetupofusha."

Nyanzobe hakujitetea. Alikwenda kwa Mtemi akasema yote mbele ya baraza, tangu kuokota mpaka kufumua, na Ini alinyamaza kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu za mji. Mtemi alisema walinzi wale ni wakali mno, hawawezi kushikwa kwa nguvu. Wakipigwa watapasuka, na wakipasuka ndani ya nyumba ya Jicho hakutabaki jicho. Hakuna wanayemsikiliza ila kiongozi wao, na kiongozi wao anamsikiliza mtu mmoja tu. Hakuhitaji kumtaja.

Akatoka na Kadashi, kile kiraka mkononi. Njia ya kwenda mbele ilikuwa ndefu. Walipofika, maji ya nyumba ile yalikuwa yamechafuka hata mtu hakuuona mkono wake. Jicho alikuwa amejikusanya pembeni, hatazami mtu. Holo alimsikia mama yake kwa miguu kabla hajamwona, akaja mbio, uso unang'aa kwa furaha.

"Mama! Umekuja kuona? Tumemkuta mgeni mkubwa kuliko wote. Alikuwa amejenga nyumba kabisa, humu humu ndani, wala hakuna aliyemshuku."

"Holo," Nyanzobe alisema, "huyo si mgeni. Huyo ni Jicho. Amekaa humu kabla yangu na kabla yako."

Holo alicheka kidogo, akidhani ni mzaha. Nyanzobe alikunjua kiganja, akamwonyesha kiraka. Midomo ya Holo ilivutika nyuma yenyewe, kama siku ile, na meno yakatoka. Lakini safari hii alijiona akifanya hivyo. Aliyafunika meno kwa mkono. Alikuwa mwepesi wa kuelewa tangu utoto, na hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Hiki ndicho kiraka kibovu," alisema.

"Hakikuwa kibovu."

"Ulinificha."

"Nilikuficha. Sikuweza kusema lile neno."

Holo alitazama nyuma, kwa wenzake waliokuwa bado wanang'ata, wakiamini kazi yao ni njema. "Na hawa?"

"Hao hawakuonyeshwa, kwa sababu nilikuwa nimekificha kwa ajili yako."

Holo alipouliza tena, sauti yake ilikuwa ndogo. "Wale waliojikunja nikiwatazama mimi. Wako waliokosea kama nilivyokosea?"

"Wako wengi."

"Na walikunja."

"Walikunja wote."

"Kwa sababu hawakuwa na mama," Holo alisema.

Nyanzobe alihisi maneno yale yakimwingia mpaka mfupani. Alijua amekuja kufanya nini. Mji wote ulikuwa unamngoja, Sato alikuwa anaelea upande mmoja kati ya mawe na ndege. Alinyoosha mkono amguse Holo begani. Alifungua mdomo. Hata pale, hata baada ya yote, neno halikutoka.

Holo aliushika ule mkono, akaushusha taratibu.

"Acha, mama," alisema. "Nitalisema mwenyewe."

Akawapigia mbinja wenzake, nao wakaacha kung'ata wakamgeukia. Hakuwaeleza mengi. Aliwaambia tumekosea, huyu ni wetu. Kisha akalisema lile neno kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayejikumbusha jambo. Akaingiza mikono. Akaingiza miguu. Akaifunga sumu ndani, yote, bila kuacha tone limguse Jicho. Akajikunja, na akajikunja tena, mpaka akawa mdogo kama mbegu ya ulezi. Wenzake walimtazama, halafu mmoja akalisema neno, na mwingine, wakajikunja wote waliokuwa mle ndani bila kuguswa na mtu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ziwa kuwa ziwa kwa mlinzi kujikunja pasipo kuamriwa.

Kadashi aliwaokota mmoja mmoja. Alipofika kwa Holo alisimama, akamtazama Nyanzobe, akangoja. Nyanzobe alitikisa kichwa kukubali. Kadashi alifanya kazi yake akiwa amefumba macho, na mzee yule, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akilia, alilia mpaka wakafika nyumbani.

Maji ya Jicho yalianza kutulia baada ya siku chache. Hayakurudi kuwa maangavu yote, lakini Sato aliacha kugonga mawe, na mnandi aliporudi alimkuta ameshaondoka. Jicho alifunga mlango wake kwa komeo, akaomba baraza limwahidi kwamba mlinzi hataingia kwake ovyo, hata kwa nia njema. Akakubaliwa.

Baraza lilipomuuliza Nyanzobe apewe adhabu gani, Mtemi alisema inayomtosha anayo tayari. Nyanzobe mwenyewe aliomba mambo manne. Kwanza aliomba akishone kiraka mahali pake mbele ya watu wote, nyuzi zikionekana. Akaomba neno liondolewe mdomoni mwake, liwekwe ndani ya kila mtoto wa Figo tangu siku ya kuzaliwa, lilale humo kimya. Mtoto akitoa meno mbele ya mtu wa nyumbani, au akishika shuka asihisi kitu, neno liamke lenyewe na limwambie ajikunje, pasiwe na mwalimu wa kulisema wala wa kushindwa kulisema. Akaomba tena kwamba mtoto asipewe jina akiwa chumbani. Jina apewe mlangoni, wakati wa kutoka. Na la mwisho aliomba chumba kile kisiwe cha milele. Walinzi wakishatosha, kipunguzwe kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, maana kazi ile haifai kufanywa na mtu maisha yake yote. Ila yeye hakutaka kuondoka kabla ya wakati. Ini alimwambia apumzike, aje jikoni, kazi nyepesi zipo. Alishukuru, akarudi chini ya shavu.

Na tangu siku hiyo, kila samaki huzaa walinzi wengi kuliko anaowahitaji, na kila mlinzi huzaliwa na neno lake ndani. Mkimpata sato mchanga, inueni kifuniko cha shavu mtazame pale juu ya matamvua. Mtakuta kinyama cheupe, laini, kikubwa kuliko mlivyotazamia kwa samaki mdogo namna ile. Hicho ndicho chumba. Kwa sato mzee mtakitafuta mpaka mchoke, kwa sababu kimekwisha kupunguzwa. Wengi huingia humo na wachache hutoka, na kwa ajili ya hao wasiotoka samaki anaogelea kwenye maji machafu mlango wake ukiwa wazi, wala hajili mwenyewe.

Wanaotoka hupewa majina mlangoni, kila mmoja lake. Wasiotoka sheria haiwapi jina. Lakini inasemekana kwamba neno linapoamka ndani ya mmoja wao naye akaanza kujikunja, Nyanzobe huacha anachofanya, huinama karibu yake, na kabla Kadashi hajafika humwita Holo.